Picha Nyeusi ya Alphonce

Alphonce alifariki Jumanne asubuhi mjini Masasi, Mabel akiwa Newala, kwenye chumba cha giza cha maabara, akipiga picha makohozi ya watu wengine. Alipotoka alikuta Mama Alphonce amempigia simu mara sita.

Mabel na Alphonce walikutana mwaka juzi stendi ya Masasi. Mabel, gauni la bluu limejaa vumbi, alikuwa amekumbatia kasha la kamera ya darubini. Mwalimu mrefu, shati la kitenge limenyooka kwa pasi, akamsogelea.

"Dada, mtoto huyo mbona halii?"

"Ni kamera. Inaona vijidudu gizani."

"Basi inimulike na mimi. Nimekaa gizani miaka mingi bila mke."

Mabel alicheka hadi basi la Newala likamwacha.

Zikafuata simu za kila jioni.

"Vijidudu vya kifua kikuu tunavipaka rangi inayong'aa," alimweleza. "Vikiwa vingi, kamera naifungua nusu sekunde tu. Vikiwa vichache, naiacha wazi sekunde mbili, tatu. Ukizidisha sana, rangi inakufa."

"Kumbe hata kamera hufundishwa subira, mpenzi."

Kikohozi kilipomshika, Alphonce alipanda Newala na kikopo chake cha makohozi. Jumapili ile padri angetangaza ndoa yao kwa mara ya kwanza. Mabel aliweka kioo chenye makohozi yake kwenye darubini, kamera ikiwa bado kwenye nusu sekunde ya mgonjwa aliyetangulia, aliyejaa vijidudu. Picha ikatoka nyeusi. Nyeusi, bila kijidudu hata kimoja, ndiyo aliyoiombea. Hakurudia.

"Safi, mume wangu. Ni vumbi la chaki."

"Nikapime tena kule Masasi?"

"Huniamini?"

"Nakuamini, Mabel."

Harusi iliahirishwa, kikohozi kipoe kwanza. Mwezi wa nne Alphonce akaanguka darasani. Mapafu yalikuwa yameshaliwa.

Baada ya maziko kule kwao Chilangala, Mabel alikitafuta kile kioo, akaifungua kamera sekunde tatu, kisha tano. Rangi ilikuwa imeshakufa. Akarudi Chilangala, akapiga magoti jikoni.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyempima. Niliharakisha."

Mama Alphonce aliacha mwiko, ugali ukaanza kuungua.

"Marahaba," akasema. "Alinikatalia kwenda hospitali. Alisema, Mabel ameshaona."

Sasa mama naye anakohoa. Jana alipanda basi kwenda kupima Masasi. Basi lilisimama Newala dakika kumi, hakushuka.