Ujumbe Uliowafungia Akina Mama Ndani

Kila asubuhi Syombua hupanda ngazi za ghorofa za Kariobangi. Yeye ni mhudumu wa afya ya jamii. Watoto wa ploti anazohudumia, zile nyumba za kupanga, anawajua wote kwa majina.

Mwezi wa tano, surua iliingia mtaa wa jirani. Syombua alifungua daftari lake. Watoto kumi na wawili walikuwa hawajapata chanjo ya pili, ile ya miezi kumi na minane. Akashikwa na hofu. Akaandika kwenye grupu ya wazazi ya WhatsApp:

"Kuna wazazi wazembe wanaocheza na maisha ya watoto. Surua inaua. Majina yao ni haya."

Akayaorodhesha yote.

Siku ya chanjo pale zahanati, mama mmoja tu kati yao alikuja. Wanne walikuwa wamejitoa kwenye grupu.

Alasiri Syombua alikwenda kwa mmoja wao, Jacklyne, fundi wa nguo, mama wa Eve wa miezi ishirini. Akabisha. Cherehani ikanyamaza, lakini mlango haukufunguliwa.

"Mama Eve, ni mimi Syombua."

"Najua ni wewe," Jacklyne akajibu akiwa ndani. "Eve alichanjwa akiwa na miezi tisa. Nilidhani amemaliza chanjo. Si ungeniuliza tu? Wateja wangu wamesoma kwamba mimi ni mama mbaya. Nitapitaje hapo kliniki?"

Syombua alishuka ngazi akiangalia chini, asikutane na macho ya mtu.

Akaenda kwa Phelister, muuguzi wa zahanati.

"Sista, nilitaka kuwaokoa watoto."

"Najua. Hebu usome tena ujumbe wako kama wewe ndiye Jacklyne."

Syombua akasoma. "Natukanwa," akasema polepole.

"Na unaambiwa ufanye nini?"

Akatafuta. Hakukuwa na siku, wala saa, wala mahali. Alitamani kuificha ile simu.

"Mtu akiaibishwa hujificha," Phelister akasema. "Usiwafiche hatari, kwa sababu ipo. Lakini waambie chanjo itamfanyia nini mtoto. Waambie wameshafika wapi na kumebaki nini. Na yule unayetaka kumtaja kwa jina, zungumza naye peke yake."

Jioni hiyo Syombua aliandika tena:

"Niliwaaibisha akina mama mbele ya watu. Nilikosea, naomba msamaha. Surua imefika mtaa wa jirani. Nyinyi mlishawaleta watoto kwa chanjo ya kwanza. Imebaki moja tu ili wakingwe vizuri. Ni bure, Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi, hapo zahanati. Hata kama umechelewa, karibu."

Kwa wale waliojitoa, alikwenda mlango kwa mlango.

Alhamisi walikuja tisa kati ya wale kumi na mmoja waliobaki. Jacklyne alikuja wa mwisho, Eve mgongoni. Eve alidungwa, akalia kidogo, akanyamaza. Phelister akaandika kwenye kijitabu cha chanjo cha Eve.

"Wawili waliobaki ni majirani zangu," Jacklyne akamwambia Syombua bila kumtazama. "Wanaona haya kukutana na wewe. Nitawaleta mimi."

"Asante, Mama Eve. Nisamehe."

"Nimesoma ulivyoandika, kwenye simu ya jirani. Lakini ule ujumbe wa kwanza bado uko kwenye simu za watu."

"Najua," Syombua akasema, akainamisha kichwa.

Wiki iliyofuata Jacklyne aliwaleta wale wawili. Hakuna mtoto wa ploti zile aliyeugua surua. Kwenye grupu, Jacklyne alirudi mwezi wa saba.