Katungu na dawa za milango minne

Katungu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Butembo. Alisomea kilimo. Alikaa Vulamba, katika chumba cha kupanga, pamoja na mwanafunzi mwenzake, jina lake Providence. Mama yake, Mama Berthe, aliuza unga wa muhogo Beni. Zamani walikuwa wakulima wa Eringeti. Vita viliwatoa kule.

Kila asubuhi wasichana hao wawili walichota maji, wakapasha moto maharagi ya jana, wakala katika sahani moja. Kisha walipanda kilima kwenda chuoni, Providence akipiga hadithi njia nzima, Katungu akicheka.

Kichwa kilianza kumuuma Katungu wakati wa interro za kwanza, mitihani midogo ya darasani. Aliingia katika duka la dawa karibu na soko.

"Kichwa?" muuzaji alisema. "Kunywa hii. Moja asubuhi, moja mangaribi."

Siku tatu alipata nafuu. Siku ya nne kichwa kilirudi. Basi akaenda kwenye kituo cha afya cha mtaa. Walimpima damu, wakamwambia ana tifoidi na malaria, wakampa vidonge, pamoja na vingine vya maumivu. Aliposikia bado kichwa kinauma, alikwenda kwenye kliniki moja ya katikati ya mji. Daktari alikuwa na watu wengi siku hiyo. Alimgusa shingo, akasema ni mishipa, akaandika dawa. Na alipomtembelea mama yake Beni, muuguzi jirani alimpiga sindano, akamfungia vidonge vya rangi mbili katika kipande cha karatasi.

Ilikuwa milango minne. Kila mlango ulimpa kikaratasi chake au daftari lake. Hakuna aliyeuliza mwenzake aliandika nini. Katungu naye hakusema. Aliona haya kuonekana mgonjwa wa kuzungukazunguka.

Sasa chini ya mto wake kulikuwa na vidonge vyeupe, vya njano, vya kahawia na vya rangi mbili. Vyeupe ni kabla ya kula au baada ya kula? Vya njano aliambiwa avimalize, au aviache akipata nafuu? Hakukumbuka tena. Kidonge kimoja kilipokosa kumsaidia, aliongeza kingine.

Ikapita miezi minne. Tumbo likaanza kumwaka moto. Akipanda kilima cha chuo, moyo ulimpiga kama mtu aliyekimbia. Choo chake kikawa cheusi, cheusi kama lami. Hilo hakumwambia mtu yeyote.

Mama mmoja aliyepanga katika uwanja wao, Rébecca, ndiye aliyemtazama siku moja akatikisa kichwa.

"Mutoto, mwili yako inaisha hivi? Hiyo hapana malaria. Hiyo ni sumu. Unakulaka na nani?"

Swali hilo lilimkaa Katungu moyoni kama mwiba. Alikula na nani? Alikula na Providence tu. Providence, aliyemshonea sketi yake? Providence, aliyemfulia nguo alipokuwa na homa? Haiwezekani. Lakini juzi, nani alikoroga maharagi peke yake? Nani alimimina chai? Usiku alijiambia ni uongo. Asubuhi aliogopa kugusa kikombe.

Alianza kupika peke yake. Alificha chupa yake ya maji chini ya kitanda.

"Katungu, nilikukosea nini?" Providence aliuliza.

"Hapana kitu."

"Kama hapana kitu, juu ya nini hatukule tena pamoja?"

"Niko na tumbo tu."

Providence alimtazama, akachukua ndoo yake akatoka. Tangu siku hiyo walipanda kilima mbalimbali.

Katungu alipompigia mama yake simu na kumweleza neno la Rébecca, Mama Berthe alipiga kelele. "Nyamuhanga, Mungu wangu! Kesho nakuya. Tutaenda Kasugho. Kule kuko muzee moja anatapishaka batu sumu. Hapana kukula kitu, unasikia? Hapana kukula kitu ya mutu!"

Kesho yake Katungu alikwenda chuoni bila kula. Alipanda ngazi za darasa, akaona ukuta unazunguka. Alishika hewa. Akaanguka.

Alipofumbua macho, alikuwa amelala katika infirmerie ya chuo, chumba kidogo ambacho wanafunzi walidhani ni cha kufunga vidonda na kuomba karatasi ya ruhusa. Walikuwa wamembeba watu watatu. Aliyeshika kichwa chake alikuwa Providence. Sasa alisimama mlangoni, amekunja mikono.

Muuguzi wa chuo aliitwa Ngalula. Alikuwa mtu wa Kasai, Serikali ilimtuma huku miaka mingi iliyopita, na Kiswahili chake kilikuwa bado na mdundo wa kwao. Alimpima Katungu presha na mapigo ya moyo. Alivuta chini kope la jicho lake, akatazama ndani. Kulikuwa kweupe. Akafunga mlango, akaketi.

"Sasa unieleze, mama. Tangu mwanzo. Hapana haraka."

Katungu alieleza, lakini maneno yalichanganyika. Alianza na kliniki, akarudi kwenye duka la dawa, akasahau Beni, akaikumbuka. Ngalula aliandika yote katika karatasi moja.

"Na wewe mwenyewe," Ngalula aliuliza, "unawaza ni kitu gani?"

Kwa miezi minne hakuna aliyemuuliza hivyo. Katungu alianza kulia.

"Banasema ni sumu."

"Batu njo banasema. Wewe?"

"Mimi sijue. Nimechanganyikiwa. Siku ingine naamini, siku ingine naona ni ujinga."

"Ni vizuri umesema. Sasa swali ya haya kidogo. Choo yako iko rangi gani?"

Katungu aliinamisha macho. "Nyeusi."

Ngalula aliacha kuandika. "Tangu lini?"

"Juma mbili."

"Dawa zote unakunywa, ziko wapi? Nataka kuziona kwa macho."

Mlango ulikuwa mwepesi, na nje kila neno lilisikika. Sauti ya Providence iliingia. "Mimi najua mahali ziko."

Akapanda moto, pikipiki ya kukodi, akaenda Vulamba, akarudi na mfuko. Aliuweka juu ya meza bila kumtazama Katungu. Kisha akaondoka. Katungu alijua basi kwamba Providence alisikia neno lile, sumu, na alielewa kwa nini hawakula pamoja tena.

Ngalula alimwaga vidonge juu ya kitambaa cheupe. Alivipanga polepole. Mafungu mawili ya kituo cha afya, la njano na la parasetamoli nyeupe, aliyasukuma kando. Mafungu matatu aliyaweka mbele ya Katungu.

"Hii nyeupe ya duka ni ibuprofène. Hii ya kahawia ya kliniki ni diclofénac. Hii ya rangi mbili ya Beni ni indométacine. Majina tatu. Mais lakini kazi ni moja. Zote ni za maumivu, na zote ni za jamaa moja. Mutu akikunywa moja, kwa siku kidogo, kisha ya kula, mara mingi hakuna shida. Wewe ulikunywa tatu pamoja, miezi mingi, na tumbo bure, bila kula. Zinachubua tumbo ndani, kinakuwa kidonda. Kidonda kinatoka damu. Damu ikipita mu matumbo inakuwa nyeusi. Njo ile uliona mu choo. Na damu ikipunguka, moyo inakimbia, mutu anaanguka."

Katungu alitazama mafungu yale matatu. "Donc basi, hakuna mutu aliniwekea sumu?"

"Hakuna. Ni sisi batu ya dawa. Kila moja alikupa kipande yake, hakuna aliangalia yote pamoja. Na wewe hapana kosa lako kwamba hawakuuliza. Mais kuanzia leo utasema, hata kama hawaulize."

Kisha akamuuliza, "Mama yako anakuya. Nimueleze yote, ama kuko jambo unapenda libaki yetu wawili?"

Katungu alifikiri. "Umueleze. Mais kwamba nilimuwazia rafiki yangu Providence, hapana."

"Sawa."

Ngalula alipigia simu hospitali kubwa, akaongea na Daktari Kitsa, akamweleza kila kitu kabla mgonjwa hajafika. Aliandika barua. Alikuwa bado anaandika Mama Berthe alipoingia, ameelekezwa na wanafunzi, vumbi la njia ya Beni likiwa bado kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Simama, Katungu. Moto inangoja. Tunaenda Kasugho."

"Keti kwanza, mama," Ngalula alisema.

"Sikukuya kuketi! Mutoto wangu anakufa. Munamupatia dawa, munamupatia dawa, anazidi kukauka. Nimepoteza shamba. Nimepoteza baba yake. Huyu simpotezi!"

Ngalula hakupandisha sauti. Alimpa kiti, akangoja mpaka mama yule apumue. Kisha akamwonyesha mafungu matatu juu ya kitambaa, akaeleza upya, taratibu, neno kwa neno.

"Njia ya Kasugho ni mbaya, na damu yake imepunguka sana," alimaliza. "Na tumbo yenye kidonda, ukiitapisha kwa nguvu, damu inaweza kutoka mingi. Kule mbali utamupelekea wapi? Mimi sikatazi mama kuhangaikia mutoto wake. Naomba tu tuende kwanza hospitali. Ni karibu, na daktari anatungoja."

"Na kama ni sumu kweli?"

"Mugonjwa ni Katungu. Tumuulize yeye."

Wote wawili walimgeukia. Katungu hakuwa na uhakika. Kichwa chake kilikuwa bado kizito, na uso wa mama yake ulimwumiza. Angeweza kukosea. Lakini kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amempa maelezo yaliyogusa kila kitu: choo, moyo, kilima, vidonge.

"Mama, tuende hospitali," alisema. "Na wewe ukuye pamoja nami."

Mama Berthe alifunika uso kwa mikono. Kisha akachukua mfuko wa mtoto wake, akatoka kumwambia mwenye moto asingoje.

Hospitalini walinawa mikono mlangoni, wakapimwa joto, wakaingia moja kwa moja. Daktari Kitsa alikuwa na karatasi na jina la Katungu mezani. Hakumuuliza habari yote upya. Vipimo vilionyesha damu imebaki kidogo sana. Walimwekea damu usiku huo, wakampa dawa ya kuponya tumbo.

"Mngechelewa siku mbili," daktari alimwambia Mama Berthe, "tungekuwa na maneno mengine." Mama Berthe alikaa chini, karibu na kitanda, akashika mguu wa mtoto wake.

Juma moja baadaye Katungu alitoka, na barua ya daktari kwa Ngalula. Ilisema alipewa nini, atakunywa nini na kwa siku ngapi, na dawa gani asiguse tena. Ngalula aliiweka katika fiche, kadi ya mgonjwa, yenye jina la Katungu. "Sasa kuko mahali pamoja panajua habari yako yote," alisema. "Ukienda kwa mutu mwingine wa dawa, ni ruhusa. Mais umuonyeshe karatasi hii, na akuandikie alichokupa, uniletee."

Kilibaki kichwa. Kiliendelea kuuma.

"Kinauma saa gani?" Ngalula aliuliza.

"Saa ya masomo."

"Na siku ya Mungu, ile Jumapili bila masomo?"

Katungu alishangaa. "Siku ya Mungu, hapana."

Ngalula alimsimamisha mlangoni, akamwonyesha tangazo la chanjo kwenye ukuta wa mbele. "Unisomee ile."

"Ile iko na maandishi?"

Ngalula alicheka mpaka akashika tumbo. Juma lile lile alimtuma kwa mpima macho. Katungu alipewa miwani. Miezi minne, milango minne, mfuko mzima wa vidonge, na kichwa chake kilihitaji vioo viwili tu.

Habari ile ilitembea chuoni. Wanafunzi walianza kuja kwa Ngalula na mifuko yao, wakimwaga vidonge mezani. Mkuu wa chuo alikubali kila mwanafunzi awe na fiche yake. Hata Mama Berthe, kule Beni, alikusanya dawa zake za presha katika kitambaa, akampelekea muuguzi wa mtaa wake. "Angalia zote pamoja," alimwambia. "Hapana moja moja."

Lakini jambo moja Katungu hakuweza kulipeleka kwa muuguzi. Providence alikuwa amehamia kwa shangazi yake. Katungu alimuuliza Ngalula afanye nini.

"Hiyo sina dawa yake," Ngalula alisema. "Wewe njo uko nayo."

Katungu akaenda kwa shangazi yule. Providence alikuwa uani, anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Nilikuwazia mabaya," Katungu alisema. "Nilisema moyoni ni wewe. Hakuna mutu alinilazimisha. Unisamehe."

Providence aliendelea kuchambua majani.

"Mimi nilikushika kichwa siku ulianguka," alisema mwishoni. "Nilikuwa naomba Mungu. Na mlangoni nikasikia neno lile."

"Najua."

"Niko na hasira bado."

"Najua."

"Leo niko na hasira, na kesho nitakuwa nayo." Alitupa jani bovu kando, akamtazama Katungu kwa mara ya kwanza, akaona miwani. Mdomo wake ulipinda, kicheko kikakaribia kumtoroka. "Nitakasirika mpaka posho, Jumamosi. Kisha ya posho nitachoka."

Posho ilipofika, moto ilisimama mbele ya uwanja kule Vulamba. Providence alikuwa amekaa nyuma, amekumbatia godoro lililokunjwa, akimwambia dereva hadithi ndefu.