Aliyemtaka Onema Peke Yake

Viti ndivyo vilivyoanza. Onema alifungua maktaba asubuhi akakuta viti vyote vimegeuziwa ukutani, kama watoto waliopewa adhabu shuleni, isipokuwa kimoja kilichosogezwa hadi kwenye meza yake. Alidhani ni mzaha wa mlinzi. Akavirudisha, akapiga ufagio, akasahau.

Maktaba ile ya Kindu ilikuwa nyumba ya matofali karibu na stesheni, iliyoachwa na mfanyabiashara mgeni mwaka ule Zaire ilipochukua mali za wageni. Onema, mjane asiye na mtoto, alipewa kuitunza. Mwaka wa kwanza hakuja mtu, naye akazoea kusoma kwa sauti, ili tu nyumba isimlemee kwa ukimya. Baadaye wasomaji wakaja, na watatu wakawa kama ndugu zake: Mzee Hamisi, aliyeendesha gari la moshi hadi alipostaafu, Florentin, mwalimu mwenye macho ya kucheka, na Adèle, mshonaji, ambaye akisoma hadithi wengine walifunga vitabu vyao wamsikilize. Kazi ikiisha walibaki barazani wakila karanga, Adèle akimwita Onema yaya, yaani dada mkubwa. Mjane akaanza kwenda kazini kama anayekwenda harusini.

Alasiri moja Florentin alikuwa akimsimulia vituko vya wanafunzi wake, Onema akicheka hadi machozi, mara harufu ya tope la mto ikapita kati yao, nzito, ya baridi. Florentin akainamia kitabu kilichokuwa mbele yake. Akapapasa ukurasa.

"Mama Onema, nani amefunga madirisha?"

Madirisha yalikuwa wazi na jua linawaka. Wakamrudisha kwao kwa kumshika mkono.

Wiki haikuisha, Adèle akafungua kinywa katikati ya hadithi na neno halikutoka. Mjini wakanong'ona kwamba Onema ni mulozi, mchawi anayekula nyota za watu. Wasomaji wakakwepa. Akabaki Hamisi tu.

Siku ya mvua, Onema akijiandaa kufunga, alisikia nyuma ya rafu sauti ya Adèle ikimwita taratibu, "Yaya." Furaha ikamrusha. Akakimbia kati ya rafu akidhani rafiki yake amepona, akapita rafu ya kwanza na ya pili, na harufu ya tope ikazidi kadiri alivyosogea, na sauti ikazidi kurudi nyuma, hata akafika kwenye kona isiyo na mlango wala dirisha, ambapo hapakuwa na mtu, ila sauti ile ile tamu, sasa sikioni kwake, ikisema polepole:

"Hawa wengine ni wa nini? Ulinisomea mwaka muzima. Miye njo wa kwanza. Ulipenda sauti ya Adèle, nimekuletea. Ulipenda macho ya Florentin. Angalia."

Kati ya vitabu viwili, macho ya kucheka yalimtazama bila kupepesa.

Alikimbia kwenye mvua hadi kwa Hamisi. Mzee hakuuliza mengi. Alituma watu Kibombo kumwita Maalim Matata, aliyejulikana kwa kutoa majini, na Ijumaa baada ya sala ya alasiri wakaingia wote watatu. Maalim alifukiza ubani, akasoma. Vitabu vikadondoka kimoja kimoja, vikifunguka sakafuni. Alisoma hadi akatota jasho, kisha akamgeukia Onema.

"Huyu hakutumwa na muntu, mama. Amekupenda, na ana wivu. Miye nitasoma, lakini neno la kumufukuza litoke kinywani mwako."

Hamisi akamshika mkono. Neno lile lilimwia Onema zito, na si kwa hofu tu. Hakuna aliyewahi kumtaka namna ile, hata marehemu mume wake. Akafikiri habari za Florentin, kipofu nyumbani kwake, na Adèle anayelia bila sauti.

"Ulinisikiliza wakati sikuwa na muntu," akasema. "Sitasahau. Lakini hawa ni watu wangu. Warudishie vyao, utoke."

Halafu ikajibu sauti isiyo ya Adèle, nzito, ya chini ya maji: "Vyao nitawarudishia. Wewe sikuachi kwao."

Mlango ukajibamiza, upepo ukatoka kuelekea mto Lualaba, na harufu ikakatika. Maalim akashusha pumzi. Hamisi akauachia mkono wa Onema polepole, akamtazama kwa heshima anayopewa mgeni.

"Samahani, mama. Wewe njo nani?"

Jioni ile Florentin aliona taa, na Adèle akaimba hadi majirani wakajaa uani. Mji mzima ulimkumbuka Onema, ila wale marafiki zake watatu tu. Walipotajiwa jina lake walitikisa kichwa. Onema alilia siku nyingi, akafikiri kwenda kwa jamaa zake Lokandu. Hakwenda.

Msimu wa mvua ulipokwisha, Adèle alisimama mlangoni.

"Citoyenne," akasema, akimwita kama mwanamke yeyote asiyemjua, "niko natafuta hadithi ya kuchekesha."

Onema alijua hadithi anazozipenda, na mahali anapopenda kukaa, na jina la mtoto aliyemzika.

"Iko nyingi," akamjibu. "Ingia. Kwanza niambie, unaitwa nani?"