Karanga Inakula kwa Ganda

Mama Pacha amekaa uani, anamenya karanga. Anabonyeza ganda, pwa! Hamna kitu. Anachukua lingine. Hamna. La tatu lina punje moja, imejikunja kama sikio la panya.

"Wifi, unamenya karanga au unamenya upepo?" akauliza dada wa mumewe, aliyekuja kumsaidia.

Mama Pacha hakucheka. Kichwa kilikuwa kinamzunguka. Majani yalistawi shamba zima, kijani kibichi. Maganda nayo makubwa. Sasa punje zimekwenda wapi?

Na si kwamba alizembea. Msimu uliopita zilitoka mapepe hivihivi. Muuza pembejeo akamwambia pengine udongo wake hauna kalsiamu ya kutosha, yale madini yanayojaza punje. Akamuuzia jasi, unga mweupe wenye kalsiamu. Basi Mama Pacha akachimba mashimo marefu, akaweka jasi chini kabisa, akafukia, ndipo akapanda mbegu juu yake. Siku nne nzima! Kiuno nusura kikatike.

Mumewe, fundi baiskeli, akaweka chini gurudumu alilokuwa analinyoosha. "Mke wangu, basi. Msimu ujao hapo napanda mihogo."

"Kwenye shamba langu?"

"Shamba lako la maganda."

Hapo ndipo palipomuuma. Lile shamba ndilo pekee analolima kwa akili yake mwenyewe. Karanga anazipeleka kukamuliwa, mafuta anayauza mwenyewe. Likiingia mihogo, yeye anabaki na nini?

Kesho yake asubuhi akatia maganda kwenye mfuko, mpaka ofisini kwa bibi shamba.

"Jasi niliweka. Au ile haikuwa jasi?"

"Uliweka lini?"

"Siku ya kupanda."

"Wapi?"

"Chini, kwenye mizizi. Si ndiko mmea unakokula?"

Bibi shamba akavaa viatu vyake vya shambani. "Twende."

Mistari miwili ilikuwa bado haijavunwa. Bibi shamba akang'oa shina moja polepole.

"Ua la karanga linatoka wapi?"

"Juu, kwenye shina."

"Haya. Likinyauka linatoa kijiti hiki, kama sindano. Kinashuka, kinaingia udongoni, ncha inavimba, inakuwa ganda. Sasa kalsiamu ikipita mizizini inapanda na maji mpaka majanini. Hairudi chini. Ganda linajinyonyea lenyewe kwenye udongo uliolizunguka. Wewe uliizika jasi chini, maganda yako huku juu."

Mama Pacha akatazama mzizi. Akatazama ganda. "Yaani ganda lina mdomo?"

"Halina. Linanyonya kwa ngozi yake."

"Na mizizi inafanya nini?"

"Inalisha majani. Ndiyo maana yamependeza."

"Mh! Umenivuruga zaidi."

Bibi shamba akacheka. "Vurugika, lakini fanya hivi. Kwanza tupime udongo, tusitibu ugonjwa tusioujua. Halafu maua yakianza, udongo ukiwa na unyevu, nyunyiza jasi juu ya udongo, karibu na mashina. Konzi moja kwa hatua tatu za mstari. Usiifukie."

Udongo ukapimwa. Kweli, kalsiamu ilikuwa kidogo.

Fundi akabembelezwa mpaka akalegea. "Msimu mmoja tu. Nusu ya shamba weka unga wako, nusu acha. Pande zote zikitoka sawasawa, mihogo."

Maua ya manjano yalipochomoza, Mama Pacha akaanza kunyunyiza. Wifi yake akaangua kicheko. "Mtoto katoka kuoga, anapakwa poda!"

Yeye mwenyewe alikuwa hana raha. Kila baada ya hatua chache anasimama. Juu juu tu namna hii? Mvua si itaondoka nayo? Akatamani kuchukua jembe, afukie japo kidogo. Akajizuia. Jioni mvua ndogo ikaja, unga ukazama udongoni.

Siku ya kuvuna, fundi alifunga kibanda chake. Akang'oa mwenyewe mashina kumi huku, kumi kule. Akamenya. Upande usio na jasi, zaidi ya nusu mapepe. Upande wenye jasi, punje mbili mbili, nene, zimebanana. Akamenya tena, kama mtu anayetafuta kosa.

"Majani ni yaleyale pande zote," akasema. "Mbona sielewi?"

"Hata mimi bado kidogo."

"Eti ganda linanyonya kwa ngozi?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

Fundi akatupia punje mdomoni. Akatafuna weee, huku anakuna kichwa.

"Sasa kaka, mihogo lini?" akauliza dada yake.

"Mihogo nitaitafutia kwingine. Hili lote ni la wifi yako."

Mama Pacha alisikia, lakini hakuinuka. Alishahamia mstari mwingine, anang'oa, anakung'uta udongo, anang'oa.