Pini Isiyovunjika

Duka la vipuri lilikuwa limejaa Jumamosi ile. Kila mtu alinyoosha mkono juu ya kaunta, na muuzaji alimjibu aliyepaza sauti zaidi. Katikati yao alisimama mwanamke aliyevaa sweta la njano alilofuma mwenyewe, sindano ya kufumia ikiwa imechomekwa kwenye nywele. Alikumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa shuka kuukuu: mguu wa injini ya boti, ile sehemu ya chini inayozama majini, yenye gia ndani na pangaboi la kusukumia boti nyuma.

"Dada, mashine hii imezaliwa kabla ya mama yangu," muuzaji alisema, watu wakacheka. "Sili zake za kuzuia maji ziko makumbusho."

"Basi nielekeze makumbusho yaliko."

Mwanamume aliyesimama nyuma yake akakohoa kidogo. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imefuliwa mpaka ikakaribia kuwa nyeupe. "Samahani. Sili za mashine hiyo ninazo. Nikushikie? Mkono wako unatetemeka."

"Hautetemeki."

"Basi ni injini inayotetemeka."

Hapo mwanamke naye akacheka.

Karakana ya mwanamume huyo ilikuwa mtaa wa pili. Mafundi wenzake walimwita Taratibu, maana hakuna kilichomharakisha. Kazi alijifunza mwenyewe, kwa kufungua mashine zilizotupwa na kuchora kila kipande kabla ya kukitoa. Yeye alimwita mgeni wake Mfumaji, kwa kuwa aliuza masweta ya shule katika kibanda karibu na kituo cha mabasi. Haikupita wiki, simu zikaanza.

"Umekula, Taratibu wangu?"

"Nakula."

"Unakula, au unakitazama chakula huku unawaza gia?"

"Nakuwaza wewe. Gia ziko kwenye foleni."

Lakini chini ya utani huo palikuwa na jambo zito, na Mfumaji alimweleza siku moja wakiwa wamekaa kwenye benchi la karakana. Injini ilikuwa ya baba yake. Mwaka uliopita, mzee akivuka mto uliofurika, pangaboi liligonga gogo. Injini ikanguruma bila kusukuma, na maji yakaibeba boti mpaka kwenye nguzo ya daraja. Nyonga ya mzee ikavunjika. Tangu hapo anatembelea magongo mawili.

"Kaka yangu ndiye aliyeihudumia siku moja kabla," alisema. "Nilimwambia mbele ya baba kwamba amemlemaza. Akafunga begi lake. Mpaka leo sijasikia sauti yake."

"Na mashine unaitengenezea nini?"

"Baba anataka kuisikia ikinguruma. Mwaka mzima hajaniomba kitu kingine."

Kesho yake Taratibu akaufungua ule mguu. Oili ilitoka bila ule weupe wa kuchanganyika na maji hata kidogo. Kila skrubu ilikuwa imekazwa inavyotakiwa. Aliyeihudumia mashine ile alijua kazi. Ndani, meno ya gia yalikuwa yamenyofoka. Akatoa pangaboi, akaigonga pini iliyolishikilia mpaka ikatoka, akaiweka kiganjani.

Mashine za zamani kama ile hutumia pini laini ya shaba. Pangaboi likigonga kitu, pini inakatika na gia zinapona. Mwenye boti anaweka nyingine hapo hapo, anaendelea na safari. Hii haikuwa shaba. Ilikuwa chuma kigumu cha mviringo, chenye kung'aa, na chuma kama hicho alikiona kila siku kwenye nywele za mtu.

Mchana Mfumaji alipokuja, akamuuliza kama asiyejali, "Pini ya pangaboi aliiweka nani?"

"Mimi!" Uso wake ulichanua. "Zile za shaba zilikuwa zinamkatikia baba kila mara, anarudi kwa makasia, jasho mpaka viatuni. Nikamkatia sindano yangu kwa msumeno. Haikukatika tena. Kaka hakujua hata, ilikuwa siri yetu mimi na baba. Kwa nini, nimeharibu?"

Taratibu alimtazama. Alikuwa amezoea kusema jambo jinsi lilivyo. "Hapana, mpenzi. Gia zimezeeka tu."

Wiki mbili akatafuta gia katika injini chakavu, akapata, akazisafisha. Kila alipotaka kusema, alimkumbuka akichanua vile, akanyamaza. Simu zake zikawa fupi. Alipoulizwa, alisema amechoka.

"Kuna mwanamke mwingine?" Mfumaji alimuuliza siku moja, akiwa kibandani, sindano zikigongana mikononi.

"Hakuna."

"Basi una nini? Unaniangalia kama mtu aliyekuja kuniaga." Hakungoja jibu. "Na leo hata sina hali. Kaka katuma ujumbe, anauliza afya ya baba. Nimeufuta. Ana uso gani huyo?"

Taratibu akakaa chini kwenye kigoda cha wateja. "Kaka yako hana kosa," alisema. Akamweleza yote, oili, skrubu, kazi ya pini ya shaba, na jinsi sindano ilivyogoma kukatika, gia zikavunjika badala yake. Hakupamba wala hakupunguza.

Sindano zilinyamaza.

"Ulijua lini?"

"Siku ile niliyokuuliza."

"Wiki mbili. Wiki mbili unanibusu, na hili umelificha mdomoni."

"Nilikuhurumia."

"Kaka yangu je, nani alimhurumia?" Machozi yalidondokea kola ya sweta la mtoto wa watu. "Nenda. Tafadhali, nenda."

Akaenda. Mfumaji akafunga kibanda mchana kweupe, akarudi nyumbani, akamwambia baba yake bila hata kukaa. Mzee akageukia ukutani. "Niliiomba mimi ile pini," alisema. "Mpigie kaka yako. Nipe mimi niseme kwanza."

Siku ya nne mwanamume mrefu aliingia karakana, akatazama injini iliyokuwa imefungwa kwenye pipa la maji tayari kwa majaribio.

"Wewe ndiye Taratibu?"

"Ndiye. Karibu, shemeji."

"Ushemeji bado sijakupa. Nionyeshe gia."

Akaonyeshwa za zamani. Akazigeuza moja moja, akapitisha kidole palipokuwa na meno. Kisha akasema, "Mimi na baba tumelia tukamaliza. Dada bado namwitikia tu. Yuko nje, anasema haingii mpaka aitwe."

Taratibu akatoka. Mfumaji alikuwa ameegemea ukuta, macho yamevimba, gauni la kijivu halijapigwa pasi.

"Kaka anaongea na mimi kama karani wa benki," alisema. "Jana nimempikia, akasema asante mara mbili. Mtu wa nyumbani hasemi asante mara mbili."

"Mpe muda."

"Nitampa. Mwaka, kama ni mwaka."

"Na mimi? Umenisamehe?"

Mfumaji aliutazama uso wake kwa makini, kama mtu anayehesabu vitanzi vya sweta. "Nikikwambia ndiyo leo, nitakuwa nimekudanganya kwa huruma. Unajua inavyouma."

"Najua."

"Basi kesho niulize tena."

"Na ukisema bado?"

"Utaniuliza keshokutwa. Au utachoka?"

"Sichoki."

"Tutaona," alisema, akampita akaingia ndani alikokuwa kaka yake.