Kibandiko Juu ya Mashine ya Mikorosho

Ndugu zangu wa Mtama, na ninyi wa Lindi mpaka Kilwa mtakaosoma au kusomewa haya, naomba masikio yenu. Shule mimi nilisoma vipande vipande, mwaka huku, mwaka kule, kwa hiyo sitayapamba maneno. Nitawaeleza yaliyoipata nyumba moja nje kidogo ya Mtama. Nimelala katika nyumba hiyo na nimekula ugali wake, ndiyo maana sitaki yaishie kwao tu.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita. Mikorosho imetoa machipukizi, kuku wanaparua uani, na Likwata amekaa kibarazani anaifuta kwa kitenge mashine mpya ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho.

“Baba Kidawa,” mkewe Mwanasha akamwambia, “hicho kitenge changu cha kuendea harusini.”

“Na huyu si bibi harusi?” Likwata akajibu, akiipigapiga mashine mgongoni. Wakacheka wote wawili.

Sasa shikeni neno hili, maana ndilo linalobeba habari yote. Shamba lile la mikorosho halikuwa la Likwata. Lilikuwa la mama yake Mwanasha, na huyo mama amezikwa humo humo, upande wa juu. Katika ukoo ule, mwenye kauli juu ya shamba la marehemu ni mjomba, Mzee Nassibu. Mwaka uliotangulia mashine ya kukodi ilichelewa kufika, ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe, ukaingia kwenye maua, na wakati wa mavuno wakaokota korosho za kutia aibu. Mjomba alilizunguka shamba lote kwa miguu, kisha akasema:

“Mwanasha, mara moja naiita bahati mbaya. Maua yakikauka tena mwaka huu, shamba la dada yangu nampa Naima alihudumie.”

Naima ni mdogo wake Mwanasha. Mjomba hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu.

Ndipo wakanunua mashine yao, dukani Lindi, mpya, na waranti ya kampuni juu yake. Waranti, kwa asiyeijua, ni ahadi ya mwenye kiwanda kwamba mashine ikiharibika kwa kosa lake yeye, ataitengeneza bila kukudai. Ni ahadi nzuri. Lakini angalieni nani aliyekuja kuizungumza.

Siku ya gulio alifika kijana aitwaye Majid, na pikipiki yenye spika. Shati jeupe, viatu vinang'aa. Mwezi wa sita Mtama ni vumbi tupu, na mtu ambaye kiatu chake hakina vumbi ujue hajaingia shambani kwa mtu yeyote. Hatukuliwaza hilo. Baada ya gulio akapita nyumba kwa nyumba, akaingia na kwa Likwata.

“Shikamoo mzee, shikamoo mama.”

“Marahaba.”

“Mashine nzuri hii. Mnaiosha na nini?”

“Maji na sabuni,” Mwanasha akasema. “Kila jioni tukimaliza kupuliza.”

Majid akashika kichwa kama mtu aliyeletewa msiba. “Mama! Mnaiua waranti!”

“Kivipi?”

“Kampuni imekataza sabuni. Imeruhusu dawa hii tu.” Akatua galoni la buluu. “Osha nje, suuza ndani, mpaka kwenye njia ya petroli. Fundi wa mtaani asiiguse. Na msiazimishe, mkiazimisha tu imekula kwenu.”

“Kampuni yenyewe ndiyo imesema?” Likwata akauliza.

“Mzee wangu, mimi nitasema la kwangu?”

Akatoa kibandiko kinachong'aa kama kioo, akakibandika juu ya kifuniko cha kabureta, kikaziba skrubu. Maandishi mekundu: UKIBANDUA, HAKUNA WARANTI.

Hapo ndipo alipotupata, na sisemi Likwata peke yake. Wengi wetu tulilelewa na hirizi shingoni, tukaambiwa ukiifumua umejitoa kwenye kinga. Likwata alikitazama kile kibandiko kwa jicho hilo hilo. Hakukiona kama karatasi yenye gundi. Alikiona kama kitu ambacho mkono wa mtu haupaswi kukigusa.

Galoni likanunuliwa, na wiki haikupita, uani kukawa na harufu ya kukereketa koo. Nyasi za pale panapomwagwa maji ya kuoshea zikawa njano, kisha nyeusi. Kuku wakahamia nyuma ya choo. Mwosha mashine alikuwa Mwanasha, na ngozi ya viganja ikaanza kumbanduka.

“Mikono yako kama umebangua korosho,” Likwata akamwambia.

“Korosho ziko wapi mwezi wa saba? Ni hiyo dawa yako. Kinachokula mikono yangu, mipira ya mashine itakiacha?”

“Dawa kali ndiyo inayosafisha. Kampuni imesema.”

“Kampuni haijafika hapa, baba Kidawa. Aliyefika ni Majid.”

Likwata akamsogezea galoni. Mwanasha naye akachovya mikono yake mibovu kwenye ndoo, akaendelea kuosha. Hapo, ndugu msomaji, mlango ulikuwa bado wazi, na wote wawili waliuona wakaupita.

Maua yakafunguka. Alfajiri ukungu unapanda kutoka bondeni unajilaza juu ya mikorosho, na kila mkulima wa kwetu anajua ukungu ule unaleta nini. Likwata akabeba mashine mgongoni, akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena. Ikakohoa, ikazima.

Akaitwa Hussen, fundi wa pikipiki pale njia panda, mtu wa maneno mengi. “Nipe bisibisi na dakika chache, shemeji. Hii kabureta tu.”

Likwata akakifunika kibandiko kwa kiganja. “Usiguse!”

“He! Mashine ina mimba mpaka uifunike?”

“Nimesema usiguse, Hussen. Ina waranti.”

“Basi ipulizie mikorosho hiyo waranti,” Hussen akasema, akaondoka.

Likwata akampigia Majid. “Niko njiani, mzee. Msibandue.” Kesho yake tena: “Niko njiani.” Baada ya hapo simu ikawa haipatikani.

Zamani, mashine ya mtu ikigoma, alikwenda kwa jirani akaazima, jioni akairudisha imeoshwa, na hakuna aliyewahi kuona tabu. Safari hii Likwata alibisha kila mlango. Baadhi ya mashine zilikuwa zimekwishakufa. Zilizobaki hai zilikuwa na kibandiko, na wenyewe walizungumza naye wakiwa mlangoni, hawakumkaribisha ndani.

“Samahani, ndugu yangu. Unajua mambo ya waranti.”

Mwanasha alikwenda shambani peke yake. Pale karibu na kaburi la mama yake akavuta tawi chini. Juu ya maua kulikuwa na unga mweupe, kidogo tu, kama wa mtu aliyepita akipangusa mikono baada ya kusonga ugali. Akausugua kwa vidole vyake vilivyobanduka. Haukwisha.

Alirudi nyumbani, akaifunga mashine kwa kile kitenge cha harusini. “Twende Lindi,” akamwambia mumewe.

Mwenye duka aliitazama, akauliza, “Hiki kibandiko nani amekibandika?”

“Watu wenu,” Likwata akasema.

“Sisi hatuna watu wanaobandika. Mashine hii tunasema ioshwe kwa maji na sabuni, na fundi anayejua kazi anaifungua.” Akakibandua kwa ukucha. Likwata akafumba macho. Hakukuwa na kishindo, hakuna kilichotokea. Kifuniko kilipotoka, mipira ya ndani ilikuwa imelainika kama uji uliolala. “Imeliwa na tindikali ya dawa mliyooshea. Kampuni inatengeneza kosa la kiwandani. Hili si la kiwandani.”

“Kwa hiyo waranti haikuwepo?” Mwanasha akauliza.

“Ilikuwepo, mama. Ilikuwepo mpaka mlipoanza kuilinda.”

Waliporudi, Hussen aliweka mipira mipya kabla chai haijapoa, na mashine ikanguruma vizuri sana. Lakini shambani maua yalikuwa yamekwisha kuwa meusi, yanadondoka yenyewe.

Mzee Nassibu alikuja. Alilizunguka shamba kwa miguu kama mwaka uliopita, na safari hii hakutoa hotuba. “Naima ataanza kupalilia mwezi ujao,” akasema.

“Mjomba, na kaburi la mama?”

“Kaburi ni la mama yako, utakuja kulifagia. Korosho usiokote.”

Funzo la kuchukua nyumbani

Ahadi ya kiwanda anaijua aliyetengeneza kitu na aliyekuuzia. Muuza dawa ya kuoshea hawezi kukupa ahadi hiyo wala kukunyang'anya. Akikuambia usipotumia ya kwake umeipoteza, nenda dukani ulikonunua, au piga simu, uulize, kabla hujafungua galoni. Dawa inayobandua ngozi yako usiamini inatunza kitu. Na mtu yeyote anayekuja kukukataza kumwazima jirani, au kumwita fundi wako, huyo anataka ubaki peke yako. Likwata na Mwanasha hawakuwa wajinga. Waliogopa kupoteza, na woga huo ndio uliouziwa bidhaa.

Mwezi uliopita nilikuwa Kilwa Masoko, navuka kwenda Kisiwani. Juu ya injini ya boti nikakiona, kinang'aa, maandishi mekundu. Nikamwambia nahodha, jina lake Shamte, “Mwanangu, kibandue hicho. Angalia ndani kabla hatujatoka.”

Shamte akatabasamu kwa adabu, akakifunika kwa kiganja.

“Samahani, mzee. Hii ina waranti.”

Abiria walikuwa wamekwishakaa, na watoto wao mapajani. Akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikawaka.