Chupa Nyekundu ya Ziada

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kicheko cha Lennart. Jirani huyo wa ghorofa ya chini, pale Vårby gård nchini Uswidi, alikuwa akigeuza sebule yake kuwa baa ya visiwa vya Pasifiki: mianzi, vinyago, paa la makuti ya plastiki. Mashauri, mhandisi wa umeme kutoka Tanga, alimtengenezea taa za rangi kwa chupa kuukuu.

“Makuti haya ni kama ya kwenu?” Lennart aliuliza, akiwa amepanda kwa Mashauri na kipande mkononi.

“Ya kwetu huzuia mvua. Haya yatazuia moshi wa sigara zako.”

Lennart akacheka, akashuka kwake. Taa nne zilikuwa tayari. Ilibaki nyekundu.

Chupa nyekundu ilikuwa kabatini, imefungwa kwenye kanga. Mke wa Mashauri, Ziada, aliyefariki mwezi wa tano, alikuwa kiti, yaani mtu anayekaliwa na jini, kama bibi yake kabla yake. Kila Alhamisi jioni aliifukizia ubani chupa hiyo ya marashi. Hospitalini aliomba jambo moja: “Irudishe Tanga kwa shangazi, amuage mgeni wangu kwa heshima. Usiimwage huku.” Mashauri alikuwa msomi. Aliahidi ili mgonjwa apumzike.

Sasa aliyamwaga marashi kwenye sinki, akatoboa kitako cha chupa polepole kwa keekee, akapitisha waya, akafunga holda ya balbu.

Ilikuwa Desemba 1974, saa tisa alasiri, na nje giza lilikwisha kuingia, kama ilivyo huko majira ya baridi; binti yake, Mwanaidi, alikuwa akichora mezani. Alipowasha, ukuta ukawa mwekundu. Chumba kikanukia ubani, ingawa hakuna aliyefukiza. Ndani ya bomba la sinki kitu kilikunywa, funda kwa funda. Kisha nyuma yake Ziada akasema, “Baba Mwanaidi, umekula?”

Alilia bila kugeuka. Kesho yake alimwambia Lennart kwamba taa nyekundu ina hitilafu.

Siku tatu aliiwasha baada ya kumchukua Mwanaidi shuleni, akakaa akiutazama ukuta na kuisikiliza sauti. Binti yao wa miaka saba alichora mezani nyuma yake. Siku ya nne aliiwasha mtoto akiwa bado shuleni, na sauti haikuja.

Jioni hiyo, mtoto akiwapo, aliiwasha tena; sauti ilipokuja aligeuka, na akaona kwamba penseli imelala mezani, na mtoto ambaye kwa kawaida humjibu kwa Kiswidi ameikazia taa macho yasiyopepesa, na midomo yake midogo inatoa sauti nzito ya mwanamke mzima, sauti ileile, inayomuuliza kama amekula, kama amelala, kama bado anamkumbuka.

“Wewe nani?” alinong’ona.

“Mgeni wa mkeo. Kiti changu umekizika, nyumba yangu umeimwaga. Huyu ni mdogo, lakini atakua.”

“Mwache.”

“Nikimwacha bila pa kwenda, sauti ya mkeo naondoka nayo.”

Ilimpasa kuzima taa. Hakuizima. Alingoja aitwe kwa sauti ya Ziada mara moja zaidi, akaitwa, na wakati huo damu ikaanza kumtoka mtoto puani.

“Na akipatikana mwingine wa kuwa kiti?” aliuliza.

“Akubali kwa mdomo wake. Mtoto asiwemo ndani.”

Akazima. Mwanaidi akalia, akaomba maji kwa Kiswidi.

Asubuhi yake alimpeleka kwa treni hadi Vällingby, kwa Clementina, muuguzi wa Bukoba aliyekuwa rafiki wa Ziada.

“Shemeji, umekonda hata koti linakuvaa wewe! Ingia unywe chai.”

“Sitakaa. Naomba ukae na mtoto.” Akampa pasipoti ya Mwanaidi na kadi yake ya chanjo.

Clementina akaacha kutabasamu. “Kadi ya chanjo ya nini? Unamfuata lini?”

Mashauri alimfunga mtoto skafu vizuri, ingawa walikuwa ndani, akambusu kwenye paji la uso. Kisha akarudi nyumbani, akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta mapazia, akawasha taa, akaketi sakafuni mbele yake.

“Nimekubali,” akasema.